Pindo Chini ya Pazia

Nchi hii si yetu, wala haipakani nasi. Mwenye kudhani anaifahamu amefananisha tu, na kufananisha si dhambi. Ni nchi ya amani, yenye mvua mbili kwa mwaka na kiongozi mmoja tangu zamani, aitwaye Mlezi. Watu wake wanampenda. Wasiompenda wanarekebishwa, na wakisharekebishwa hawasikiki tena wakilalamika.

Siku moja Wizara ya Adabu ya nchi ile ilibadilishwa jina, ikaitwa Wizara ya Kumbukumbu Tamu. Haikuwa kazi kubwa. Kibao kiligeuzwa kikaandikwa upande wa pili, na watumishi wakabaki walewale, juu ya viti vilevile, na mikasi ileile mezani. Zamani mikasi ile ilikatia suruali za vijana barabarani. Sasa ilikatia utepe kwenye sherehe, lakini wazee waliopita karibu nayo bado walijishika mapaja bila kujijua.

Waziri Lupembe alitangaza redioni kwamba taifa linatamani enzi zake. "Utafiti umeonyesha," alisema, "kuwa wananchi wote wanatamani zamani, na waliobaki wanaitamani zaidi." Kwa hiyo, katika jubilei ya Mlezi, runinga ya taifa itakirudisha kile kipindi cha uchumba kilichopendwa kuliko vyote, Hodi Pazia. Kila mtu mzima avae mavazi ya enzi hiyo: suruali za bugaluu zenye mapindo mapana, mashati ya kubana yenye kola ndefu, viatu vya raizoni vyenye soli nene, nywele za afro. Mwenye upara ataazimwa afro ya serikali.

Vijana wa wizara wakaingia mitaani na sahani. Sahani hiyo ilikuwa na historia. Wakati bugaluu ilipopigwa marufuku, ilikuwa ikiwekwa juu ya kiatu cha mtu. Pindo la suruali likiifunika sahani yote, mtu huyo alikuwa mhuni, na alipakiwa kwenye lori. Sasa pindo lisipoifunika sahani yote, mtu huyo alikuwa hana uzalendo, na alipakiwa kwenye lori. Sahani haikubadilika. Hata lori halikubadilika.

"Na viongozi wetu," Waziri alimalizia, "hawatashonewa nguo mpya, kwa kubana matumizi. Ghala la Ushahidi lina suruali nyingi halisi za enzi zile, zilizotunzwa vizuri kwa dawa ya nondo."

*

Bi. Mize alikuwa akitunga asumini kwa ajili ya harusi ya mtu aliposikia neno Hodi Pazia. Sindano ilimchoma kidole. Alikinyonya, na jirani yake Nunuu, aliyekuwa akimsaidia kuchambua maua, akazima redio.

"Umesikia?" Nunuu aliuliza.

"Nimesikia."

"Basi acha uzi, utayatia damu maua ya watu."

Watu wa mtaa ule walijua kwamba Bi. Mize aliwahi kukaa kwenye kiti cha kipindi kile akiwa msichana. Kipindi chenyewe kilikuwa hivi. Msichana huketi, na mbele yake hutundikwa pazia zito lisilofika chini, likabakiza upenyo wa shubiri moja. Nyuma ya pazia hupita wanaume watatu, mmoja baada ya mwingine. Msichana haoni nyuso. Anaona viatu na mapindo ya suruali tu. Kila mwanaume hupiga hodi. Akimpenda, msichana husema karibu, na pazia hufunguliwa. Asipompenda hunyamaza. Na kama ilivyo ada tangu mababu, mtu akipiga hodi tatu bila kuitikiwa huondoka, wala hakasiriki.

Siku ile mwanaume wa kwanza alikuwa na bugaluu iliyotoka ng'ambo. Mize alinyamaza. Wa pili alikuwa Shebe, fundi baiskeli, ambaye hakuwa na bugaluu. Alikuwa na suruali ya kawaida aliyoipasua kwenye mishono, akampelekea fundi cherehani amtilie pembe za kanga ya mama yake ili pindo lipanuke. Kanga yenyewe ilikuwa nyekundu, yenye nakshi za korosho nyeupe. Fundi alikuwa na haraka, akakosea: mguu wa kulia korosho zilitazama juu, mguu wa kushoto zilitazama chini.

"Hodi," Shebe alisema nyuma ya pazia. "Hodi." Kisha kimya.

"Malizia ya tatu, bwana," mtangazaji alimnong'oneza, lakini kinasa sauti kilikuwa karibu, nchi nzima ikasikia.

"Ya tatu naiweka," Shebe alijibu. "Nikiipiga asipoitikia itabidi niondoke. Na mimi sitaki kuondoka."

Watu ukumbini wakacheka. Mize hakucheka. Alikuwa akizitazama zile korosho zilizopinduka.

"Karibu," alisema.

Wakaoana. Kila jioni, akitoka kazini, Shebe alisimama kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe, akapiga hodi mbili. Mize, mikono ikiwa na unga, alimchelewesha makusudi. "Malizia," alimwambia kutoka ndani. "Ile ni akiba," Shebe alijibu. Mize alimtaka aifumue suruali ile, aigeuze pembe ya kushoto. Alikataa. "Ziache, mke wangu. Zinaangalia ninapokanyaga."

Kisha ikaja Operesheni Sahani. Shebe alitoka kwenda kununua mafuta ya taa, amevaa suruali ileile aliyoonekana nayo kwenye runinga ya serikali, na serikali hiyohiyo ikamwekea sahani juu ya kiatu.

Mize alikwenda Wizara ya Adabu. "Anarekebishwa," aliambiwa. Akarudi mwezi wa pili, anarekebishwa. Akarudi baada ya Ramadhani, na baada ya Ramadhani nyingine, mpaka karani aliyemjibu akastaafu, na mtoto wa karani akakalia kiti cha baba yake.

"Bado tu?" Mize alimuuliza huyo mtoto.

"Mama, na suruali yake nayo ilikuwa pana sana."

Eda hakukaa. Ulitoka waraka kwamba mke wa mtu anayerekebishwa si mjane, na kumlilia mumewe ni kuingilia kazi ya serikali. Picha ya Shebe hakuwa nayo. Uso bado aliukumbuka, hasa kwenye usingizi. Sauti ndiyo iliyokuwa ikimtoroka, kidogo kidogo, kama harufu inavyotoka kwenye nguo. Asubuhi nyingine aliamka akajaribu kuisikia kichwani, ikaja sauti ya mtu mwingine: ya muuza maziwa, ya mwadhini, ya mtu wa redio.

Jioni ya tangazo lile alimaliza kusali, akabaki na viganja wazi. "Mola wangu," alisema, "sikuombi unirudishie. Hilo nimekuomba sana, na Wewe unajua ulichonijibu. Nakuomba nisikie hodi zake mbili. Kanda wanayo. Unisikilizishe hizo tu, kisha sitakusumbua kwa habari yake."

*

Kwenye lango la runinga ya taifa kijana mwenye sahani alimzuia.

"Bibi, hayo mavazi yako ni ya enzi gani?"

"Ya uzee, mwanangu."

Kijana alitazama waraka wake, hakuona uzee umekatazwa wapi, akamruhusu.

Mkuu wa hifadhi ya kanda, Bwana Hizza, alivaa afro ya serikali iliyomzidi kichwa, na kila alipoinama ilimtangulia. Bi. Mize aliposema jina lake na kueleza alilofuata, bwana yule aliruka kitini.

"Wewe ndiye Mize wa Hodi Pazia? Mama, tunakutafuta. Wizara nzima inakutafuta. Keti, keti hapa, uione kanda yako."

Akaitia kwenye mashine. Bi. Mize aliifunga vizuri mtandio wake, kama mtu anayejiandaa kupokea mgeni.

Kwenye kioo akatokea Mlezi. Alikuwa kijana, hana mvi, na alihutubia juu ya adabu. Alisema suruali pana ni mlango mpana, na mlango mpana huingiza mbuzi wa watu. Alisema taifa ni nguo, na Yeye ni fundi. Hotuba ilikuwa ndefu. Bi. Mize alisubiri kwa subira aliyofundishwa na miaka. Mwishoni Mlezi aliinua kidole akauliza: "Basi, wananchi, mimi na adabu yangu tupo mlangoni. Mnasemaje?"

Kioo kikaruka, kikawa cheusi mara moja, na sauti ya msichana ikasema: "Karibu." Kisha makofi mengi.

Bi. Mize aliitambua sauti ile. Ilikuwa yake.

"Hodi iko wapi?" aliuliza.

"Hodi ipi, mama?"

"Kabla ya hapo. Kuna mtu alipiga hodi."

"Aah." Bwana Hizza aliisukuma afro nyuma. "Kanda zilikuwa chache wakati ule, na hotuba zilikuwa nyingi. Tulikuwa tunarekodi juu ya vipindi. Hii hotuba ikaisha kabla kidogo ya kipindi chenu kuisha, likasalia hilo neno moja. Mimi niliogopa kufukuzwa. Lakini Mlezi alipoiona alitokwa na machozi. Akasema hiyo ni Sauti ya Taifa. Tunaionyesha kila Siku ya Adabu. Hujawahi kuiona?"

"Sina runinga."

"Mama, nchi nzima inakujua na wewe huna runinga?"

"Rudisha nyuma kidogo," Bi. Mize alisema.

Akarudisha. Mlezi akainua kidole.

"Kidogo tena. Hapo, kabla ya neno. Hapo palipokuwa peusi."

Akarudisha tena, akaongeza sauti mpaka mwisho. Bi. Mize aliinama akaweka sikio kwenye kioo. Ukasikika mvumo, kama wa kombe la pwani, na ndani ya mvumo hapakuwa na mtu.

*

Waziri Lupembe mwenyewe alikuja, akampa mkono kwa mikono yote miwili.

"Mama wa Taifa," alisema, "siku ya jubilei utaketi kitini kama zamani. Mlezi atasimama nyuma ya pazia, mwanaume wa pili. Atapiga hodi, na wewe utasema lile neno lako, mbele ya nchi nzima."

"Na wa kwanza na wa tatu ni nani?"

"Wamejitoa kwa heshima."

Bi. Mize alitazama vidole vyake. "Mume wangu yuko kwenu."

"Tunajua, mama. Anarekebishwa."

"Yuko hai?"

"Serikali haina taarifa ya mtu yeyote kufa akiwa anarekebishwa," Waziri alisema, na kwa kweli haikuwa nayo, kwa sababu aliyekuwa akiziandika taarifa hizo alirekebishwa pia. "Sema neno lako vizuri, Mlezi afurahi, na mimi binafsi nitalifuatilia suala la mumeo. Kuna urekebishaji unaoisha siku moja, mama. Nimeshaona."

Alirudi nyumbani na ahadi hiyo, ameishika kama mtu aliyebeba yai.

"Utamwambia karibu yule?" Nunuu alimuuliza.

"Neno ni neno, shoga. Nikilisema wakamfungua, nimepoteza nini?"

"Mize. Shebe sasa hivi angekuwa mzee wa miaka mingapi?"

"Usinihesabie."

"Sikuhesabii, mwenzangu. Nakuuliza tu."

"Alipiga hodi mbili," Bi. Mize alisema. "Mtu aliyepiga mbili bado yuko mlangoni. Wewe ulipata kuona mtu anaondoka kwa mbili?"

Nunuu aliendelea kuchambua maua, yaliyosinyaa akiyatia kwenye upande wa kanga yake.

*

Siku ya jubilei nchi ilipendeza sana. Mawaziri walitembea juu ya raizoni kama watoto wanaojifunza kusimama, na wawili walianguka, wakatangazwa majeruhi wa utamaduni. Majaji walivaa afro juu ya mawigi yao. Ukumbi ulijaa watumishi wa serikali walioletwa kushangilia kwa hiari, zamu kwa zamu.

Bi. Mize aliketishwa kitini. Taa zilimwakia usoni. Pazia lilikuwa jipya, lakini walilikata kwa kipimo cha zamani, likabakiza ule upenyo wa shubiri. Alifumba macho, akasema bismillahi moyoni, akalitia neno mdomoni tayari. Aliyafumbua aliposikia hatua nzito za raizoni zikija, zikasimama.

Alitazama chini ya pazia.

Aliona viatu vipya vyeusi. Juu ya viatu aliona pindo pana. Kwenye pindo, pembe za kanga nyekundu, iliyopauka, yenye korosho ambazo zamani zilikuwa nyeupe na sasa zilikuwa na rangi ya meno ya mzee. Mguu wa kulia zilitazama juu. Mguu wa kushoto zilitazama chini.

"Hodi," sauti ilisema.

Bi. Mize hakuwa ameisikia sauti ya Shebe kwa miaka mingi, na mtu akirekebishwa muda mrefu, nani ajuaye, huenda hata sauti huwa nzito. Aliinuka kidogo kitini.

"Hodi."

Ni yeye. Amerudi. Serikali imeamua kumpa zawadi mbele ya watu. Mola wangu, nilikuomba kidogo Ukanipa chote. Neno lilifika kwenye meno.

"Hodi," ikasema sauti ile mara ya tatu.

Hapo ndipo alipojua. Shebe hakuwa na ya tatu. Shebe alikuwa ameiweka. Na suruali ile Shebe asingeivua kumpa mtu; kama iko hapa juu ya miguu ya mtu mwingine, inanuka dawa ya nondo mpaka kitini kwake, basi yeye alivuliwa siku ileile ya mafuta ya taa, na tangu siku ile hakuhitaji nguo tena. Miaka yote Mize aliyokuwa akienda kumuulizia wizarani, suruali yenyewe ilikuwa imekunjwa ghalani, safi, ina namba.

Akafunga mdomo.

Ukumbi ulikuwa kimya. Nchini kote, katika nyumba, mahoteli na magereza, watu walikuwa kimya mbele ya runinga. Hapakuwa na mtoto asiyejua ada: umepiga tatu, hukuitikiwa, ondoka. Walikuwa wakiitazama serikali yao imesimama nyuma ya kitambaa, wakisubiri kuona itafanya nini.

"Mama," Waziri Lupembe alinong'ona kutoka pembeni. "Mama, neno."

Bi. Mize hakumsikia. Alikuwa akizitazama korosho.

Waziri alimpungia mkono Bwana Hizza, na Bwana Hizza akabonyeza kitufe. Kutoka kwenye vipaza sauti ikatoka sauti ya msichana, mbichi, yenye furaha: "Karibu." Makofi ya zamani yakalia, na makofi mapya yakayafuata. Mdomo wa Bi. Mize haukuwa umefunguka, na kamera, ambazo hazikuambiwa zigeuke, zilikuwa zikiuonyesha.

Pazia likafunguliwa. Mlezi alisimama pale, afro imekaa upande, zipu imegoma kupanda, shati limevutwa chini kuisitiri. Bi. Mize alishuka kitini, akapiga magoti, akalishika pindo la mguu wa kushoto kwa mikono miwili, akaliweka kwenye uso wake. Halikuwa na harufu ya Shebe.

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," alisema.

Mtangazaji aliwaeleza watazamaji kwamba Mama wa Taifa anaishukuru serikali kwa Kiarabu.

*

Kesho yake gazeti lilitoa picha yake akiwa amepiga magoti, juu yake pameandikwa: TAIFA LASHUKURU. Bi. Mize aliiomba wizara suruali ya mumewe. Alijibiwa kwa upole kwamba nguo ile, kwa kuwa imeshagusa mwili wa Mlezi, sasa ni urithi wa taifa, itawekwa ndani ya kioo, na yeye anaruhusiwa kuja kuitazama pamoja na wananchi wengine.

Hakwenda. Alivaa nguo nyeupe, akafunga dirisha la barabarani, akaingia eda.

Wizara ilipata taabu. Walitaka kumrekodi tena, safari hii mdomo ufunguke. Waziri akamtuma naibu wake, aliyefika mtaani na gari mbili, akasimama mlangoni na bugaluu yake.

"Hodi," alisema. "Hodi. Hodi."

Nunuu alimjibu kutoka ndani. "Mama yuko edani. Hasemi na wanaume."

"Eda ya nani? Mumewe hajafa. Anarekebishwa."

"Basi mwambieni aje amtoe edani mwenyewe."

Naibu aligeuka akaona mtaa mzima umetoka vibarazani. Hawakumzomea wala hawakumrushia kitu. Walimtazama tu, kama watu wanavyomtazama mtu aliyeshapiga tatu. Alisimama kidogo, akaupangusa uso, akarudi garini. Wenye kuandika historia ya nchi ile wanasema hilo halikupata kutokea kabla.

Jua lilipotua Bi. Mize alisali magharibi. Alipotoa salamu alibaki kwenye mswala, viganja wazi, kwa muda mrefu.

"Niliomba hodi mbili," alisema. "Ukanipa pindo. Alhamdulillahi. Mlaze pema, Mola wangu, na umpe nguo."

Ilikuwa ile saa ambayo zamani Shebe alitoka kazini. Nje palikuwa na watu wakipita, na kengele ya baiskeli ya mtu. Bi. Mize aliugeuzia uso mlango.

"Karibu," alisema. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, yenye mkwaruzo, ambayo hakuna mashine iliyowahi kuinasa.

Nunuu alikuwa akipakua chakula. Mwiko ukasimama hewani. "Nani huyo, mwenzangu? Sikusikia hodi."

"Shebe. Ya tatu hakuipiga."

Nunuu aliuweka mwiko chini. Akaenda mlangoni, akavisogeza pembeni viatu vyao vilivyokuwa vimezagaa kizingitini, akaiacha njia wazi.